Mbaruk wa Gazi na urithi wa Takaungu

Huku Thika ninakoishi, kando ya mto Chania, ukitaja waliompinga Mwingereza watu hukutajia Mau Mau. Sawa kabisa. Lakini sisi wa Pwani tuna mzee wetu aliyeshika bunduki zaidi ya miaka 50 kabla yao, Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, na watoto wetu wengi hawamjui.

Babake ndiye Mazrui wa mwisho kutawala Mombasa. Mwaka 1837 Sayyid Said wa Zanzibar aliuchukua mji, akamkamata yeye na jamaa zake, wakapelekwa uhamishoni. Waliosalia wakahamia Takaungu na Gazi. Mbaruk alikulia katika uchungu huo. Akaja kuwasumbua masultani kwa miaka mingi, na akizidiwa hukimbilia ngome yake ya Mwele, msituni nyuma ya Gazi.

Vita vya 1895 wengi huviita jihadi. Dini ilikuwemo, sikatai. Ila askari wa Sultani, Waislamu wenzake, walipigana upande wa Mwingereza, na Wagiriama wasiokuwa Waislamu walikuwemo upande wa Mazrui. Chanzo, kwa maoni yangu, ni mirathi ya cheo. Februari mwaka ule Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu, alifariki. Aliyestahiki kwa umri ni mtoto wa nduguye, naye pia akiitwa Mbaruk (msiwachanganye). Kampuni ya Waingereza ikamsimamisha Rashid, mwana wa marehemu, kwa kuwa alielewana nao. Mgeni anakuchagulia mkubwa wa nyumba yako!

Kijana yule alikataa, akafukuzwa kwa mizinga, akakimbilia Gazi. Mzee Mbaruk alikuwa akipokea posho ya Kampuni. Angeweza kukaa kimya akala zake. Waingereza walimtaka awatoe wakimbizi. Hakuwatoa.

Mwele ilianguka tarehe 17 Agosti 1895. Vita havikwisha, vikaenea hadi Malindi, mpaka Waingereza wakaleta wanajeshi kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na maelfu ya watu wake, akajisalimisha kwa Wajerumani, wale wale waliomnyonga Abushiri pale Pangani mwaka 1889. Wakampa makazi Dar es Salaam. Takaungu akabaki Rashid.