Dorothy Arzner na Mwanzi wa Kuvulia Samaki

Mwaka 1929 filamu ndo kwanza zilikuwa zimeanza kuongea, na waigizaji walikuwa wanateseka. Kipaza sauti kimefichwa sehemu moja, ukisogea hatua mbili sauti imepotea. Clara Bow, nyota wa Paramount, hakuwa mtu wa kutulia hivyo. Mwongozaji wake, Dorothy Arzner, akaagiza kipaza sauti kifungwe kwenye mwanzi wa kuvulia samaki, kimfuate dada wa watu popote anapokwenda. Ukipita leo wanaporekodi filamu, utaukuta mjukuu wa mwanzi ule.

Arzner alizaliwa San Francisco mwaka 1897. Alianza kusomea udaktari akaacha, akaingia studio kuchapa miswada, akapanda hadi uhariri. Mwaka 1927 alitishia kuhamia studio nyingine, ndipo wakampa filamu aongoze. Miaka ya 1930 alikuwa karibu mwanamke pekee anayeongoza filamu kwenye studio kubwa za Hollywood.

Alivaa suti na tai, nywele fupi, na aliishi na mpenzi wake Marion Morgan, mwalimu wa dansi, takriban miaka 40, mpaka Marion alipofariki 1971. Hakutangaza, wala hakujificha. Lakini kanuni za filamu zilizokazwa mwaka 1934 zilikataza mapenzi ya jinsia moja kuonekana kwenye skrini. Yaani maisha yake mwenyewe hakuruhusiwa kuyasimulia.

Basi akapitia mlango wa nyuma. Watu wengi wanaitaja Dance, Girl, Dance ya 1940 kwa sababu ya yule mcheza dansi anayezomewa, akasimama jukwaani na kuwachana laivu wanaume waliolipa kumtazama. Sawa, ni kali. Mimi nilimwangalia zaidi mwalimu wa baleti, Basilova. Kwenye mswada alikuwa mwanamume. Arzner akamfanya mwanamke, mtu mzima, na akamvisha tai. Hakuna mkaguzi aliyekuwa na la kukata hapo.

Filamu ilikula hasara. Ya mwisho aliiongoza 1943. Baadaye akafundisha chuo kikuu cha UCLA, na darasani kwake alipita Francis Ford Coppola, aliyekuja kutengeneza The Godfather (sisi wa ualimu tunaruhusiwa kujisifia kidogo). Kanuni zile ziliondolewa 1968. Arzner alikuwa na miaka 71, na ilikuwa imepita miaka 25 bila Hollywood kumpa filamu.