Mfahamu Florence Wilson, mama aliyeibakiza ndege Mbeya

Mwaka 1937 shirika kubwa la ndege la Uingereza, Imperial Airways, lilibadili njia yake ya Afrika, na Mbeya ikabaki nje. Mbeya ikikosa ndege, Tukuyu nayo imekosa. Tangu enzi hizo mpaka leo, mtu wa Rungwe akitaka kuruka lazima kwanza asafiri kwa barabara kilomita kama 70 hadi Mbeya.

Aliyeziba pengo hilo ni kampuni ya mjane mmoja wa Nairobi, Florence Kerr Wilson.

Alianzaje?

Florence alikuwa mlowezi wa Kiingereza nchini Kenya. Mumewe alifariki mwaka 1928. Mwaka uliofuata, wakati wengi waliona ndege ni mchezo wa matajiri, yeye akatoa pesa zake na kuanzisha Wilson Airways.

Shughuli za angani alimwachia rubani Tom Campbell Black. Huyu ndiye ambaye mwaka 1934, akiwa na C. W. A. Scott, alishinda mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia.

Biashara yenyewe

Imperial Airways ilipita njia kuu tu. Wilson Airways ikaziba mapengo ya pembeni: ilibeba barua na abiria wa Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, ikawaunganisha na ndege kubwa ya kwenda Ulaya. Ni kama Noah inayokusanya watu vijijini na kuwaleta stendi ya Tukuyu kupanda basi la Dar.

Mbeya inaachwa

Kuanzia 1932 ndege za Imperial zilikuwa zikitua Mbeya, kwenye safari iliyopita Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya na Mpika kuelekea Cape Town. Wakati huo dhahabu ya Lupa, kule Chunya, ilikuwa imeuchangamsha mji.

Sasa 1937 shirika likaleta ndege kubwa zinazotua majini. Ndege hizo zilitoka Kisumu, ziwani, zikaenda Mombasa, Dar es Salaam, Lindi na kuendelea kusini mpaka Durban. Miji ya bara haikuwa na nafasi tena.

Hapo ndipo Wilson Airways ilipoichukua njia ya bara. Ndege zake ndogo zilitoka Kisumu zikapita Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya na Mpika hadi Lusaka. Abiria wa Mbeya akaendelea kuipata ndege kubwa kule Kisumu.

Tusidanganyane lakini: ndege hiyo haikuwa ya kila mtu. Waliopanda ni maofisa wa serikali ya kikoloni, walowezi na wafanyabiashara. Wanaume wengi wa Rungwe waliokwenda Lupa kutafuta kibarua walikwenda kwa miguu.

Vita vikaja

Mwaka 1939 Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, serikali ilizichukua ndege na marubani wa Wilson Airways kwa kazi ya jeshi. Kampuni haikurudi tena angani. Vita vilipokwisha, kazi hiyo ikapewa East African Airways, iliyoanza 1946, na Florence hakuwa na shirika tena.

Mwaka 1962 uwanja wa Nairobi West, uliokuwa makao ya ndege zake, ulipewa jina lake: Wilson Airport. Mpaka leo umejaa ndege ndogo.

Upande wa huku, uwanja wa Songwe ulifunguliwa Desemba 2012, na wengi wanaoutumia wanakwenda Dar es Salaam, ambako baadhi yao huunganisha ndege za nje. Kama ilivyokuwa 1937, ratiba ya Songwe haipangwi Songwe. Shirika likibadili njia, msafiri wa Tukuyu anarudi kwenye basi.