Alihepa Walezi, Akazikwa Kama Maskini: Stori ya Fahrenheit, Jamaa wa Barafu na Chumvi

Uko Gakoromone saa nane mchana, jua limekuchapa, na soda kwa beseni la barafu bado haijashika baridi. Mwambie mwenye kuuza arushe chumvi mikono kadhaa kwa hiyo barafu, aongeze maji kidogo, akoroge. Ngoja dakika chache tu. Soda itakushika meno.

Hiyo si uchawi, msee. Ni mchezo uleule uliompa jina yatima mmoja miaka 300 iliyopita.

Anaitwa Daniel Gabriel Fahrenheit. Alizaliwa 1686 Danzig, mji wa bandari ambao leo unaitwa Gdańsk, Poland. Kwao kulikuwa na doh, wazazi walikuwa wafanyabiashara. Halafu Agosti 1701 mambo ikachacha: babake na mamake walikufa siku moja baada ya kula uyoga wenye sumu. Kijana alikuwa na miaka 15, na nyuma yake wadogo zake.

Walezi wakamtuma Amsterdam akasomee biashara. Shida ni kwamba akili yake ilikuwa kwa vioo na vipimajoto. Alikopa pesa akaimwaga kwa vifaa, hadi walezi wakachoka. Kufikia 1707 walikuwa wameomba wakuu wamdake, apakiwe kwa meli apelekwe mbali huko Mashariki. Buda akahepa. Akazunguka Ulaya mji baada ya mji, na 1708 akakutana na Ole Rømer kule Copenhagen, mwanasayansi aliyekuwa na kipimo chake cha joto.

Wakati huo kila fundi alikuwa na namba zake. Vipimajoto viwili, majibu mawili. Mwaka wa 1714 Fahrenheit alimpa Profesa Christian Wolff vipimajoto viwili vilivyosoma karibu sawa kabisa, prof akashangaa. Baadaye akaacha pombe, akajaza zebaki.

Lakini sufuri aiweke wapi? Alichanganya barafu, maji na chumvi ya amonia. Mchanganyiko huo ulishuka wenyewe hadi kama digrii 18 chini ya sufuri ya Selsiasi. Hapo ndipo akaandika 0. Barafu na maji bila chumvi akaipa 32, na mwili wa binadamu 96.

Mbona chumvi inafanya hivyo? Maji yakitaka kuganda, chembe zake hujipanga foleni. Chumvi inaingia katikati na kuvuruga laini, kwa hivyo lazima baridi izidi ndiyo yagande. Wakati huohuo barafu inaendelea kuyeyuka, na kuyeyuka kunakula joto la kila kitu kilicho karibu, pamoja na soda yako. Chumvi ya jikoni inaweza kufika digrii 21 chini ya sufuri.

Hata coolant kwa radieta ya matatu ni stori hiyo. Nusu maji na nusu glaikoli haigandi hadi karibu digrii 37 chini ya sufuri. Meru hatuna baridi ya hivyo barabarani, lakini glaikoli hiyohiyo pia inachelewesha maji kuchemka, na gari likipanda milima yetu hiyo ni muhimu.

Mwaka wa 1724 Royal Society ya London ilimpokea Fahrenheit kama mwanachama. Heshima ilikuja, chapaa haikuja. Mwaka wa 1736 alienda The Hague kutafuta hataza ya mashine ya kutoa maji mashambani, akaugua. Alikufa tarehe 16 Septemba akiwa na miaka 50, bila bibi wala mtoto, na akapewa mazishi ya watu maskini.

Leo ukiwa na friza, angalia namba inayopendekezwa: digrii 18 chini ya sufuri. Kwa binamu yako aliye Marekani, hiyo inaandikwa 0. Ni sufuri ya yule kijana waliotaka kumpakia kwa meli ili wamsahau.