Askofu Steere na herufi zake: kwa nini Kiswahili hakidai fonti



Wale mnaopanga tasnifu na vitabu vyenu kwa LaTeX mnaijua kero ya vifurushi vya nyongeza. Mwenzako wa Nigeria anayeandika Kiyoruba anahangaikia nukta za chini na alama za toni. Mhabeshi anatafuta fonti nzima peke yake. Sisi tukiandika Kiswahili tunafungua faili, tunaandika, kitu kinatoka safi. Labda ubadilishe tu lile neno la Kiingereza linalojitokeza penye "Sura", mstari mmoja, umemaliza. Hakuna kofia juu ya herufi wala mkia chini yake.

Wengi wetu tunadhani lugha yetu imezaliwa hivyo. Haikuzaliwa hivyo. Kuna mtu alikaa Unguja katika miaka ya 1860, vidole vimejaa wino, akaamua. Jina lake Edward Steere. Wakristo wa pwani wanamjua kama askofu, wanafunzi wa lugha wanamjua kwa kitabu chake cha sarufi. Mimi leo nataka tumtazame kama mpiga chapa, maana naona huko ndiko alikotufikia wote, hata sisi Waislamu wa delta ambao kanisani kwake hatuna shughuli.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria, akapata shahada za juu kabisa na kuingizwa kwenye uwakili mwaka 1850. Uwakili haukumkaa moyoni. Mwaka 1856 akawa shemasi wa Kanisa la Anglikana, na baadaye akapewa parokia ndogo ya shamba, Little Steeping, huko Lincolnshire. Rafiki yake William Tozer alipofanywa askofu wa misheni ya vyuo vikuu, ile iliyoitwa UMCA, Steere alijitolea kumsindikiza kwa muda mfupi tu. Mkewe alibaki Uingereza. Muda mfupi huo, jamani, ndio uliokula maisha yake.

Walianzia kule kwenye mto Shire, mambo yakawashinda, wakahamia Unguja. Waliingia mwishoni mwa Agosti 1864. Sultani Majid akawapa watoto watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa, na hao ndio wakawa shule. Tozer akishughulika na uaskofu, Steere akashughulika na mambo mawili: kusikiliza watu wanavyosema, na kuchapa alichosikia.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye uhondo. Uchapaji wa siku zile ulikuwa wa herufi za risasi, mojamoja, zimepangwa kwenye kasha lenye vyumba vidogovidogo. Mpangaji anaokota herufi, anaipachika kwenye kishikio kichwa chini, mstari baada ya mstari, halafu inapakwa wino na kukandamizwa. Kasha la Kiingereza limejazwa kwa mahesabu ya Kiingereza: e ni nyingi kuliko zote, k ni za kuhesabu. Sasa chukua kasha hilo upange sentensi ya Kiswahili, "akakaa kando akakata kuni"... Ukurasa haujaisha, k zimekwisha, na a zinaelekea huko huko. Yeyote aliyewahi kupanga Kiswahili kwa kasha la Ulaya amelionja hilo.

Steere angeweza kuagiza herufi maalum. Zilikuwepo! Profesa Richard Lepsius wa Berlin alikuwa ametoa mwaka 1855 alfabeti yake ya kuandikia lugha zote za dunia, na toleo kubwa likafuata mwaka 1863, vistari juu, vinukta chini, na wamisheni kadhaa waliikubali. Hizo ndizo zilikuwa fonti za nyongeza za zama zile, ila badala ya kupakua ulisubiri meli. Steere hakuifuata njia hiyo. Irabu akazisoma kama Waitaliano, konsonanti kama Waingereza, na sauti zilizobaki akazijenga kwa kuunganisha herufi zilizomo kasharini tayari. Sh, ch, ny. Ile sauti ya mwanzo ya neno ng'ombe ilimtaka mpangaji aongeze ritifaa tu, na ritifaa ipo kwenye kila kasha la Kiingereza. Mtu aliyewaza hivyo, kwa maoni yangu, hakuwa mwanaisimu wa mezani. Alikuwa fundi anayejua kilichomo kwenye sanduku lake.

Mwaka 1865 kijitabu cha kwanza cha mambo ya Kiswahili kikatoka pale pale Zanzibar. Mwaka 1867 kikafuata cha Kishambaa. Waliokuwa wakipanga herufi ni wale vijana wa misheni, wengi wao waliokombolewa utumwani. Fikiria mtoto wa Kiyao aliyeswagwa hadi Kilwa, akapakiwa jahazini, na miaka michache baadaye anasoma Kiswahili kinyumenyume kwenye risasi kwa sababu ndivyo herufi zinavyokaa. Hao hatuna majina yao mgongoni mwa vitabu, lakini mikono ni yao.

Steere alirudi Uingereza mwaka 1868 akakaa mpaka 1872, na huko akatoa vitabu vyake vikubwa viwili mwaka mmoja, 1870: sarufi, na mkusanyo wa hadithi za Unguja, ikiwemo ile ya Sultani Darai na paa wake. Hadithi hakuzitunga yeye. Alisimuliwa na watu kama Hamisi wa Kayi, na kwa bahati aliwataja.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1869, alitoa kijitabu kidogo ambacho sisi wa huku kinatuhusu. Kilikuwa na orodha za maneno ya lugha tatu ambazo hazijawahi kuchapwa: Kingindo, Kizaramo na Kingazija. Haya, chukua ramani. Wazaramo wako kaskazini yetu. Wangindo wako kusini na magharibi yetu. Katikati kuna nani? Wandengereko na Warufiji! Akaruka mto mzima. Simlaumu sana, aliandika kutokana na watu aliokutana nao Unguja. Ila Warufiji na Unguja hatukuwa wageni hata kidogo. Boriti za mikoko zilizobeba dari za majumba ya mawe ya mjini zilikuwa zikikatwa kwenye delta hii na kuvushwa kwa majahazi. Dari zetu ziliwafunika, lugha yetu haikuingia kwenye daftari.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Wafanyabiashara wakabadili njia: badala ya kuwapakia Kilwa wakawaswaga kwa miguu kuelekea kaskazini, wakivuka Rufiji, mpaka Barghash alipopiga marufuku misafara ya bara mwaka 1876. Kwa hiyo soko lilipofungwa kule, barabara yetu hapa ikajaa minyororo. Na penye soko hilo, Mkunazini, Steere akaanza kujenga kanisa kuu, jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya 1873. Alisimamia ujenzi mwenyewe, paa la zege la matumbawe na saruji ambalo watu walikuwa wakisubiri lidondoke. Halikudondoka. Waongoza watalii watakwambia kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Mimi nikisikia hilo nacheka, maana kwenye matbaa kila herufi husimamishwa kichwa chini na hakuna anayelalamika.

Mwaka 1874 akawa askofu. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi kwa Mataka, nchi ya Wayao, na mwaka uliofuata akapeleka watu walioachwa huru wakaanzisha makazi Masasi. Mwaka huo huo wa 1876 kikatoka Zanzibar kijitabu cha Kimakonde. Njia ya bahari kwenda Lindi inapita nje ya midomo ya delta... basi tena. Alifariki Unguja Agosti 1882, akiwa na miaka 54, na kaburi lake liko ndani ya kanisa alilojenga.

Herufi zake ziliendelea. Wenzake wa misheni, hasa A.C. Madan, waliendeleza sarufi na kamusi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasafisha tahajia. Steere aliandika "fetha" na "thahabu", th moja kwa sauti mbili. Leo tuna dh. Marekebisho kama hayo, lakini kasha ni lile lile.

Gharama ipo, tusidanganyane. Ukimuuliza mtu wa Mombasa atakuonyesha paa wa porini na paa la nyumba, sauti ya mwanzo si moja, na maandishi ya kawaida hayana habari. Pia watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya Steere, nao wana shida yao ya p, ch, na e na o. Ukitaka kupanga maandishi hayo kwa LaTeX unarudi kwenye vifurushi, arabtex ya Klaus Lagally na wenzake.

Na huku kwetu? Wamatumbi, majirani zetu wa vilimani upande wa Kipatimu, lugha yao ina irabu saba. Kasha la Steere lina tano. Ukiandika kwa tano, maneno mawili tofauti yanaweza kutoka sura moja. Nilipoanza kutafuta suluhisho nikakutana na fonti za fc za Jörg Knappen, zilizochongwa mahsusi kwa lugha za Afrika kutokana na Computer Modern ya Donald Knuth. Unaita T4 kwenye fontenc na unapata herufi kibao. Nikafurahi. Kisha nikasoma alivyozieleza mwaka 1993: alilenga lugha zenye wasemaji zaidi ya milioni moja. Warufiji tukarukwa tena, 1869 na 1993!

Siku hizi ukitumia XeLaTeX au LuaLaTeX na fonti kama Charis SIL au Gentium, irabu zote saba zinatoka bila ugomvi. Kwa upande wa Kindengereko, Chuo Kikuu cha Gothenburg kilitoa tasnifu nzima juu yake mwaka 2013, na hata jina lenyewe humo limeandikwa Ndengeleko, kwa l. Kwa hiyo fonti si kisingizio tena. Kinachohitajika ni mtu wa kukaa na wasemaji na kukata shauri kwamba sauti hii tutaiandika hivi, hata mjukuu aweze kuichapa kwenye simu yake.

Basi wazee wa Mbwera, Salale, Nyamisati na Ikwiriri, maoni yako chini. Anzeni na hili: Ndengereko au Ndengeleko?