Lester Pelton, seremala wa machimbo aliyefundisha maji kufanya kazi

Lubutu haikosi maji. Lowa na Oso ni mito mikubwa, vijito vinashuka msituni karibu mwaka mzima, na mvua haikai mbali. Lakini usiku ukiingia, mwenye kutaka umeme wa maana anawasha jenereta, ama grupe kama wengi wanavyoiita, na mazutu yake yamesafiri kwa lori katika barabara ya Kisangani ambayo madereva wa huku wanaijua kwa matope yake. Hesabu ya namna hiyo, nguvu kuwa ghali huku maji yanapita bure, iliwahi kumsumbua mtu mmoja katika machimbo ya dhahabu ya California, Marekani. Jina lake linaandikwa hadi leo kwenye mitambo ya umeme ulimwenguni kote: Lester Allan Pelton.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1829, huko Vermilion, jimbo la Ohio. Mwaka 1850, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alifuata wenzake waliokuwa wanakimbilia California kutafuta dhahabu. Wasomaji wa Maniema hawahitaji kuelezwa safari ya namna ile. Habari inafika kijijini kwamba mahali fulani watu wanaokota utajiri mtoni, na baada ya wiki chache vijana wamekwisha kuondoka. Pelton hakupata dhahabu ya kumtajirisha. Alivua samaki katika mto Sacramento, kisha akapanda milimani na kukaa Camptonville, kijiji cha wachimbaji, akifanya useremala na kutengeneza mashine za kuponda mawe yenye dhahabu.

Kazi hiyo ndiyo iliyomwonyesha shida. Mashine za kuponda mawe zilikuwa zinaendeshwa kwa mvuke, na mvuke ulitaka kuni. Miaka ikapita, vilima vikabaki vitupu, miti ikawa inatafutwa mbali zaidi na bei yake ikapanda. Wakati huohuo wachimbaji walikuwa wamechimba mifereji mirefu ya kuleta maji kutoka juu milimani. Maji yale yaliingizwa katika mabomba, yakatoka kwenye mdomo mwembamba kwa nguvu ya kubomoa kilima. Mafundi walijaribu kuyatumia kuzungusha magurudumu, lakini magurudumu ya siku zile yalikuwa na vibao bapa au vikombe vya kawaida. Maji yaligonga, yakaruka ovyo, na sehemu kubwa ya nguvu yake ikapotea.

Inasimuliwa kwamba siku moja Pelton aliona gurudumu lililokuwa limelegea na kusogea kidogo pembeni. Maji yalikuwa hayapigi tena katikati ya kikombe, yalipiga ukingoni, na gurudumu likazidi mbio badala ya kupungua. Hadithi za uvumbuzi hupambwa sana na wasimulizi, na hii nayo inasimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Lisilo na shaka ni kazi iliyofuata: miezi ya kutengeneza vikombe vya maumbo mbalimbali, kuvijaribu kimoja kimoja, kupima, kutupa, kuanza upya. Pelton hakuwa injinia wa chuo kikuu. Alikuwa na mbao, chuma, saa na subira. Gurudumu lake dogo la majaribio liliunganishwa na cherehani ya mama mwenye nyumba alimokuwa anapanga.

Umbo alilolichagua linaelezeka bila hesabu ngumu. Chukua vikombe viwili, uvibandike ubavu kwa ubavu, katikati yao kuwe na ukingo mwembamba kama makali ya kisu. Maji yanapiga ukingo ule, yanagawanyika, nusu kulia na nusu kushoto, yanazunguka ndani ya vikombe na kurudi karibu kule yalikotoka. Gurudumu likizunguka kwa takriban nusu ya mwendo wa maji, maji yanatoka yamechoka kabisa na kudondoka chini, maana nguvu yake karibu yote imebaki kwenye gurudumu.

Mwaka 1880 alipewa hati ya haki ya uvumbuzi. Mwaka 1883 kampuni moja ya madini ilipanga mashindano ya magurudumu huko Grass Valley. La Pelton lilitumia asilimia 90.2 ya nguvu ya maji. Lililomfuata lilifikia 76.5. Baada ya hapo maombi yakamiminika, na mwaka 1888 Pelton aliuza haki zake kwa kampuni iliyoundwa San Francisco, ikachukua jina lake na kusambaza magurudumu yake katika nchi nyingi.

Jambo lingine la miaka ile linatuhusu sisi tunaoona mito ikigeuka tope kwa sababu ya uchimbaji. Mwaka 1884 mahakama ya California iliwazuia wachimbaji kumwaga udongo wa vilima mtoni, kwa kuwa ulizika mashamba ya wakulima wa bondeni. Uchimbaji wa kubomoa vilima kwa maji ukadidimia. Mifereji ilibaki, na mingine baadaye ikapewa kazi ya kumwagilia mashamba na kuzalisha umeme.

Hapa Maniema umeme wa maji nao ulianza kwa kufuata madini. Mtambo wa Lutshurukuru ulijengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya bati ya Kalima. Aliyekuwa mbali na mgodi hakuhesabiwa, na Lubutu iko mbali. Kaskazini-mashariki, huko Mutwanga chini ya Ruwenzori, mtambo mdogo wa hifadhi ya Virunga ulianza kazi mwaka 2013 kwa kuhudumia watu wa pale, na hilo linaonyesha kwamba mpango mwingine unawezekana.

Lakini ni lazima kusema wazi kwamba gurudumu la Pelton halifai kila mto. Linataka maji machache yanayotoka juu sana. Kule Bieudron, Uswisi, maji huanguka mita 1,883 kabla ya kupiga vikombe vyake. Sehemu kubwa ya Lubutu ni tambarare ya msitu, na penye maporomoko mafupi inafaa zaidi turbini ya aina nyingine, ile iliyobuniwa na Anthony Michell wa Australia na Donát Bánki wa Hungaria mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo fundi hodari wa kuchomelea anaweza kuiunda. Kijito cha lita 50 kwa sekunde kinachoshuka mita 20 kinaweza kutoa kama kilowati 6 baada ya hasara zote. Ni kidogo kwa mji. Kwa kijiji ni taa za kituo cha afya, friji ya chanjo na simu za watu wote, na mchana mashine ndogo ya kusaga mihogo. Kazi ya kwanza ni kupima kijito kile wakati maji yamepungua kabisa, maana wengi hupima msimu wa mvua halafu wanalaumu mashine.

Mwaka 1895 taasisi ya Franklin ya Philadelphia ilimpa Pelton medali kwa uvumbuzi wake. Alifariki Oakland tarehe 14 Machi 1908, akiwa na miaka 78, na mwili wake ulirudishwa Vermilion, kijiji alichokiacha akienda kutafuta dhahabu.