Mzee Denis Hempson na Kinubi Chake

Habari za kinubi twazisoma mara nyingi katika Zaburi, lakini wengi wetu hatujakiona kwa macho wala kukisikia. Nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja wa Ireland aliyepiga kinubi kwa muda wa karibu miaka 100, naye alikuwa kipofu.

Jina lake Denis Hempson. Alizaliwa mwaka wa 1695 mahali paitwapo Craigmore, karibu na mji mdogo wa Garvagh, kaskazini ya Ireland. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alishikwa na ndui. Hakufa, lakini macho yake yalipofuka. Siku zile mtoto kipofu aliweza kufundishwa muziki ili apate riziki yake, na Hempson alipotimiza miaka 12 alianza kufundishwa kinubi na mwanamke, Bridget O'Cahan. Jambo hili lilinishangaza, maana nilidhani kazi ile ilikuwa ya wanaume tu. Baadaye alijifunza kwa walimu wengine, na alipofika miaka 18 waungwana wa kwao walimchangia fedha akapata kinubi chake mwenyewe, kilichotengenezwa na fundi Cormac Kelly mwaka wa 1702. Hakuachana nacho tena.

Akaanza kuzunguka. Kwa miaka 10 alikwenda nyumba hata nyumba ya wakubwa, katika Ireland na katika Uskoti. Alilishwa, akalazwa, akapiga nyimbo, kisha akaondoka. Alirudi Uskoti mara ya pili mwaka wa 1745, akapiga kinubi mjini Edinburgh mbele ya Charles Edward Stuart, yule mwana wa wafalme aliyekuja kudai kiti cha babu zake.

Sasa yanipasa kueleza jinsi kinubi kile kilivyopigwa, maana bila hayo hamtafahamu kwa nini mzee huyu anakumbukwa. Nyuzi zake zilikuwa za shaba. Mpigaji wa kale alifuga kucha ndefu, akazigusa nyuzi kwa kucha. Uzi wa shaba ukisha guswa hulia muda mrefu, kwa hiyo vidole vilikuwa na kazi mbili: kuamsha uzi huu na kunyamazisha ule uliotangulia, la sivyo sauti zote zingechanganyika. Kazi hii ilitaka miaka mingi ya kufundishwa. Wapigaji wengine wa wakati wake walikuwa wamekwisha iacha, wakatumia ncha za vidole. Na wakubwa waliowalisha zamani walikuwa wamenyang'anywa ardhi katika vita, na wale waliowafuata walipenda muziki wa Italia. Hata Carolan, mtungaji aliyependwa kuliko wote, aliufuata kidogo mtindo huo. Hempson hakuzijali nyimbo zake. Alitaka zile za kale.

Mwezi wa Julai mwaka wa 1792 watu wa Belfast waliwaita wapiga vinubi wote waje kushindana. Walikuja 10 tu wa Ireland, na mmoja wa Wales. Katika wale 10, sita walikuwa vipofu. Hempson alikuwa na miaka 97, naye peke yake alipiga kwa kucha ndefu. Zawadi ya kwanza, gini 10, alipewa Charles Fanning, aliyepamba wimbo mmoja kwa mtindo mpya uliopendwa na vijana wenye piano. Mimi naona waamuzi walikosea.

Lakini palikuwapo kijana aliyeajiriwa kuziandika nyimbo, Edward Bunting, mpiga kinanda wa kanisa. Umri wake ulikuwa miaka 19, sawa na wangu mimi ninayeandika. Alimwomba mzee apige nyimbo za kale kabisa. Mzee akakataa. Alisema hazina faida tena, ni ngumu kujifunza, nazo zamkumbusha mambo ya kumhuzunisha. Bunting hakukata tamaa. Alimbembeleza, na baadaye akamfuata mpaka kwake Magilligan. Alitoa vitabu vitatu, mwaka wa 1796, wa 1809 na wa 1840. Ni kweli kwamba alizigeuza nyimbo zile zipate kupigwa kwa piano, na hapo nyingi ziliharibika. Lakini karatasi zake alizoandika kwa haraka zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Belfast, na wapigaji wa siku hizi wanaotaka kurudia kucha na nyuzi za shaba huzisoma hizo.

Huko Magilligan mzee alipewa nyumba na shamba na Askofu wa Derry. Alikuwa ameoa akiwa na miaka 86, akapata binti mmoja. Kasisi aliyemtembelea mwaka wa 1805 alimkuta amelala karibu na moto, na kinubi kimo kitandani pamoja naye, chini ya nguo za kujifunika.

Alikufa mwaka wa 1807, na walioandika habari zake wanasema alikuwa na miaka 112. Siku moja kabla ya kufa alijiwa na mgeni. Akaomba ainuliwe, akawekewa kinubi, akapiga nyimbo chache. Kinubi chenyewe kimetunzwa mjini Dublin.