Tata Raphaël, Baba wa Vijana
Katika yubilei hii twamkumbuka padri mmoja asiyezaa mtoto, lakini jiji zima lilimwita Baba, yaani Tata kwa Lingala. Raphaël de la Kethulle de Ryhove alizaliwa Ubelgiji mwaka wa 1890, akaingia katika shirika la wamisionari wa Scheut. Mwaka wa 1917 alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akawa mwalimu.

Asubuhi aliwafundisha vijana darasani. Masomo yakiisha, aliwapeleka uwanjani. Hakutenga kitabu na mpira. Alianzisha shule, chama cha michezo na timu, akajenga viwanja, na kile kikubwa kupita vyote kilifunguliwa mwaka wa 1952.

Alifariki mwaka wa 1956, asiuone uhuru wa nchi. Uwanja wake mkubwa uliitwa kwanza kwa jina la Mfalme Baudouin, kisha kwa tarehe 20 Mei. Hapo Muhammad Ali alimshinda George Foreman mwaka wa 1974. Tangu mwaka wa 1997 unaitwa Tata Raphaël. Jina la mfalme liliondoka pale. Jina la baba likabaki.

Nasi wazazi tujiulize: masomo yakiisha, watoto wetu wanatuona wapi?